Povu la Vidole Vitatu

Jumatano, 1 Agosti

Naanza shajara hii kwa sababu moja. Siku nitakapofungua mkahawa wa uwanjani, watu watauliza ilikuwaje, na sitaki Evlampia awe wa kwanza kuwajibu.

Yaliyotokea leo. Baada ya ibada, Bibi Parthena alisimama kwenye ngazi za kanisa akagonga mkongojo. Miaka tisini, sauti kama king'ora cha kiwanda. Akasema mkahawa wake umefungwa tangu mwanawe aondoke Ugiriki kuhamia Ujerumani, na sasa yatosha. Kila Agosti vijana wanarudi kijijini likizo, wanauliza kahawa baridi iko wapi, hakuna, wanateremka mjini Veria, na uwanja unabaki na paka. Kwa hiyo, siku ya sikukuu ya Bikira, tarehe kumi na tano, ibada ikiisha, anayeutaka mkahawa amletee yeye glasi moja ya kahawa baridi pale uwanjani. Ataonja. Atakayemridhisha atapewa ufunguo, bila kodi mpaka yeye Bibi atakapokufa. Akaongeza kwamba hana haraka.

Tumejitokeza wawili. Mimi. Na Evlampia, dada wa mke wangu, ambaye nyumba yake na yangu zinatazamana ndani ya ua mmoja, na mmoja wetu amezidi.

Kwa wasionijua: miaka ishirini na sita nilifanya kazi kwenye mtambo wa kiwanda cha kusindika pichi za makopo. Makopo mia na arobaini kwa dakika. Hayakunipita. Nilianza kwa kufagia maganda, nikamaliza na koti jeupe na kalamu mfukoni. Kiwanda kilipofungwa, koti lilibaki kwao na mimi nikabaki kubeba mifuko ya mke wangu kutoka sokoni. Sasa kijiji kizima cha Petroneri kinaniita "mume wa Anthula". Hata mtu niliyemtengenezea pampu bure.

Juu ya mlango wa mkahawa pana ubao mtupu. Nimeupima kwa macho. PRODROMOS, herufi tisa, inaingia na nafasi inabaki. Evlampia ana nane. Naongoza tayari.

Leo pia ndiyo siku ya kwanza ya mfungo wa Bikira. Hakuna nyama, hakuna mayai, hakuna maziwa, mpaka tarehe kumi na nne. Anthula keshaficha jibini. Lakini mimi nimeshapiga hesabu ambayo Evlampia hataipiga: mfungo unaisha kumi na nne, kahawa inaonjwa kumi na tano. Siku ya kumi na tano maziwa ruksa! Yeye ataleta kahawa nyeusi kwa mazoea. Mimi nitaleta fredo, kahawa baridi yenye povu la maziwa, kama ya mjini. Vidole vitatu vya povu.

Nalala nikiwa tayari nimeshinda, kimahesabu.

Ijumaa, 3 Agosti

Upelelezi.

Kila asubuhi kutoka jikoni kwa Evlampia husikika mlio. Chaka-chaka-chaka, kisha kimya, kisha chaka-chaka tena. Nilishuku mashine. Shemeji yangu ana binamu Thesaloniki, na watu wa Thesaloniki hujidai wao ndio walioanzisha kahawa baridi duniani, kwa hiyo lolote lawezekana.

Nikachukua ngazi, nikajifanya natengeneza mfereji wa paa. Nikachungulia.

Chupa ya jamu! Chupa ya jamu yenye mfuniko wenye kutu. Vijiko viwili vya kahawa ya kopo, sukari, maji ya kina cha vidole viwili vilivyolala, anafunga, anatikisa kama anayemwamsha mlevi. Povu likipanda, anamimina kwenye glasi ya barafu, anaongeza maji, anachomeka mrija. Frape. Kitu ambacho bibi zetu walikuwa wanakinywa wakiwa wasichana. Nilicheka mpaka ngazi ikatikisika.

Alinisikia. Akatoka nje na glasi mkononi, akanitazama kutoka chini, akavuta mrija taratibu.

"Shemeji," akasema, "mfereji wako uko upande ule mwingine."

Kisha akaniuliza nanywa na sukari ngapi. Nikamwambia sinywi vya ushindani. Akasema haya, akamaliza mwenyewe, mpaka ule mlio wa mwisho wa mrija unaokwangua barafu. Alifanya makusudi.

Hata hivyo nimepima kwa jicho. Povu lake: vidole viwili. Na nusu, ukiwa mkarimu. Sikuwa mkarimu.

Jumapili, 5 Agosti

Kabla ya kutulia kwenye fredo, mtu makini hujaribu kila kitu. Jana nilijaribu kahawa ya kuloweka. Haina moto kabisa. Unaweka kahawa ndani ya maji baridi, unaiacha kwenye friji usiku kucha, asubuhi unachuja. Wanasema inakuwa laini, haina uchungu, na mtu anaweza kuinywa bila sukari akajiona tajiri.

Wanasema pia kahawa isagwe chengachenga. Mimi nilikuwa na ile laini kama poda, ya kuchemshia kwenye kibirika cha mpini mrefu. Kahawa ni kahawa, nikasema. Nikamimina nusu kilo.

Asubuhi kulikuwa na tope. Sizidishi. Kijiko kilisimama. Nikajaribu chujio la chai, tope likapita. Nikajaribu kitambaa, tope likagoma kupita na maji yakagoma nalo. Ndipo nikakumbuka kwamba kiwandani juisi ya pichi tulikuwa tunaichuja kwa wavu mwembamba sana wa nailoni, na ndani ya nyumba hii kuna kitu kimoja tu cha nailoni chembamba namna ile.

Soksi ndefu za Anthula. Mpya. Za sikukuu.

Zilichuja vizuri ajabu! Naandika hili kwa ajili ya ukweli. Nilipata glasi nne za kahawa safi kama kioo cha dirisha la gari jeusi. Nikamwonjesha Anthula bila kumweleza. Akasema nzuri. Akasema haijawahi kutoka kahawa kama hii katika nyumba hii. Nikasimama wima.

Kisha akaona kamba ya kuanikia.

Soksi moja ni rangi ya ngozi, nyingine ni rangi ya kahawa hadi gotini, kama mguu wa mtu aliyevuka mto upande mmoja tu. Anthula aliuliza, kwa upole ambao siupendi, kama mguu wake mwingine nitauloweka lini ili zifanane. Nikamwambia usiku wa leo, ikiwa kahawa itatosha. Hakucheka. Kahawa ya kuloweka nimeifuta kwenye mpango, si kwa ubaya wake bali kwa mazingira ya kazi.

Jumanne, 7 Agosti

SIKU KUBWA.

Fredo inahitaji mashine ya kahawa nzito. Sina, lakini nina birika dogo la alumini la jikoni, lile linalopandisha kahawa juu kwa mvuke, na kahawa yake ni nzito kiasi cha kumwamsha marehemu. Unaimimina moto moto juu ya barafu, unaipiga mpaka ipoe na kutoa povu la hudhurungi. Hiyo ndiyo fredo tupu. Juu yake unaweka povu la maziwa baridi, jeupe, zito, lisilozama. Hiyo ndiyo fredo kamili. Ukigeuza glasi kidogo, mstari kati ya nyeusi na nyeupe usitikisike.

Tatizo lilikuwa kupiga. Mkono unachoka. Evlampia ana mkono wa kukandia mikate, mimi nina akili. Nikachukua drili yangu, nikatoa kichwa cha kutobolea ukuta, nikafunga waya mmoja wa kupigia mayai. Nikaweka maziwa baridi kwenye jagi refu. Nikabonyeza.

Mara ya kwanza maziwa yote yalikwenda darini. Nilikuwa nimesahau kwamba drili ina mwendo wa ukuta na mwendo wa mbao. Mara ya pili, mwendo wa mbao: povu! Povu lililosimama. Nikaweka kijiko juu yake, kijiko kikakaa. Nikapima. Vidole vitatu kamili, na vidole vyangu si vyembamba.

Hapo ndipo Anthula akaingia. Akatazama dari. Akatazama jagi. Akauliza maziwa yanafanya nini ndani ya nyumba hii, wiki ya kwanza ya mfungo. Nikamweleza kwamba haya si maziwa ya kunywa, ni maziwa ya ufundi. Akauliza nitajuaje kama ni matamu bila kuonja. Swali zuri. Nikamwita paka. Paka hafungi. Paka alimaliza glasi nzima, na mpaka sasa ninapoandika anazunguka ua kwa mbio bila kusimama.

Matokeo nayahesabu kuwa mazuri.

Kitu kimoja tu, cha pembeni. Nikiwa naosha waya, Anthula alisema akiwa amenipa mgongo, akikatakata biringanya, kwamba tangu kiwanda kifungwe hajanisikia nikipiga mluzi, na asubuhi hii nilikuwa napiga. Akasema dari ichafuke tu. Nilitaka kujibu lakini nilikuwa nahesabu.

Ijumaa, 10 Agosti

Siku ya sikukuu, baada ya kuonja, kila mtu atataka kahawa. Kwa makadirio yangu watu mia tatu, kwa mara moja tu. Glasi moja, vipande vinne vya barafu. Elfu moja na mia mbili. Friza yangu inatoa sitini kwa siku, friza ya Evlampia haizidi hizo. Nani atatoa barafu yote hiyo?

Mwenye friza za kijiji.

Juzi nilizunguka nyumba kwa nyumba na vyombo vya barafu. Niliwaambia ni kwa ajili ya sikukuu, jambo ambalo ni kweli. Kila nyumba ikanipa rafu moja. Mpaka adhuhuri nilikuwa nimeshika rafu kumi na nne, na Evlampia hana mahali pa kugandisha hata chozi. Nilimwona akitoka nyumba ya tatu na vyombo vyake vitupu, na nikamwinulia kofia. Mpango safi kuliko yote niliyowahi kufanya. Haramu haimo.

Leo nimeanza kukusanya. Vipande vizuri, vyeupe, vya mraba. Nikatengeneza fredo ya majaribio, bila maziwa, ili niionje mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Pweza.

Kahawa yangu ilikuwa na ladha ya pweza. Nilisahau jambo ambalo hata paka analijua: wakati wa mfungo wetu samaki haruhusiwi, lakini pweza na ngisi ruksa, kwa hiyo ukifungua friza yoyote ya Petroneri mwezi Agosti, mkono mmoja unakupungia. Barafu hunywa harufu. Rafu kumi na nne, pweza kumi na nne.

Nikayeyusha yote. Nikapita tena nyumba kwa nyumba nikiomba wafunge pweza wao kwenye mifuko. Mabishano mengi. Mama mmoja aliniuliza kama nataka pia pweza aoge. Evlampia alikuwa amekaa mlangoni kwake akitikisa chupa yake, na nilipopita akasema: "Pole, shemeji. Kahawa yako ina mikono mingi."

Ua mzima ukacheka. Mke wangu pia, nilimsikia, nyuma ya pazia.

Lakini tazama: sasa kijiji kizima kinagandisha barafu safi, isiyo na harufu, kwa ajili yangu, na pweza wamefungwa vizuri kwa mara ya kwanza katika historia. Nani amefanya hivyo? Mume wa Anthula.

Jumapili, 12 Agosti

Kanisani. Evlampia ameketi mbele, mimi nyuma, kwa hiyo nimeona jinsi anavyojiamini hata kwa kisogo.

Baadaye uwanjani alikuwa anazunguka akiuliza watu wanakunywa na sukari ngapi. Mtu mmoja mmoja! Wewe tupu, wewe ya kati, wewe tamu. Hakuandika popote, anaweka kichwani. Kupoteza muda. Kiwandani hatukuliuliza kila pichi linapendaje sharubati. Mimi nimeamua kiwango kimoja, cha kati kuelekea tamu, kinachomfaa binadamu wa kawaida.

Nimenunua maziwa lita kumi. Mwenye duka aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika tangu tarehe moja. Alifungua mdomo, kisha akachukua pesa. Wivu wa kibiashara.

Jumanne, 14 Agosti

Naandika drili ikiwa bado moto mezani.

Mchana nilikwenda kwa Baba Damianos kuomba niunganishe waya wa umeme kutoka dirisha la kanisa hadi uwanjani. Akakubali. Ni padri mwema, mnene, mwenye subira ya ng'ombe. Nikamweleza mpango wote, kwa sababu sasa hapakuwa na la kuficha: povu, drili, lita kumi. Nikamwambia, Baba, kesho mfungo umekwisha, kesho maziwa.

Akaniuliza kesho ni siku gani.

Nikamwambia ni sikukuu ya Bikira.

Akasema hilo analijua. Akauliza tena, siku gani ya wiki.

Jumatano.

Alinisubiri tu, kama anavyomsubiri mtoto aliyesahau sala. Ikanifika. Sikukuu ikiangukia Jumatano au Ijumaa, siku za mfungo wa kila wiki, kinachoruhusiwa ni samaki. Samaki tu! Maziwa hapana, jibini hapana, mpaka Alhamisi. Nilijifunza nikiwa na miaka sita. Watu wote wa hapa wanajua. Mimi mwenyewe juzi nilimwuliza Anthula kama siku ya sikukuu tutakula samaki! Nilihesabu tarehe, sikuhesabu siku.

Nikarudi nyumbani nikamwuliza Anthula kama alijua. Akasema bila shaka alijua, alidhani maziwa ni ya Alhamisi. Nikamwambia mtu gani ananunua maziwa lita kumi ya Alhamisi. Akasema mtu gani anachuja kahawa kwa soksi.

Nikaketi jikoni. Mbele yangu bakuli la dengu, zile nene za mviringo, amezichemsha kwa ajili ya chakula cha jioni, maji yake mazito ya manjano yamebaki kwenye sufuria. Juu ya maji yale, pembeni, palikuwa na mapovu madogo.

Sikufikiri. Mkono wenyewe uliyamimina maji yale kwenye jagi, ukachukua drili.

Mwendo wa mbao. Dakika tatu. LIKAPANDA! Jeupe! Zito! Nikaongeza sukari, likang'aa. Nikageuza jagi juu chini, halikumwagika. Nikamwita Anthula, nikaligeuza juu ya kichwa chake, halikumwagika. Hakufurahi, lakini halikumwagika.

Vidole vitatu na nusu. Bila tone la maziwa. Ni dengu, na dengu ni chakula cha mfungo tangu mababu. Hata Baba Damianos hana la kusema.

Nikaonja. Kuna ladha ndogo ya dengu mwishoni. Nimeongeza sukari. Haisikiki tena sana.

Sijawahi kujivunia kitu namna hii. Hata koti jeupe.

Jumatano, 15 Agosti

Nitaandika kwa utaratibu.

Uwanja ulijaa. Watoto wetu waliorudi kutoka Ujerumani na Thesaloniki, wazee waliovaa mashati ya kupigwa pasi mara mbili, harufu ya samaki wa kukaanga. Bibi Parthena kaketi katikati, ufunguo umening'inia kwenye kidole chake. Anthula mstari wa mbele, hana soksi.

Evlampia alianza. Akamwinamia Bibi, akamwuliza sukari ngapi. Bibi akasema hata punje. Chaka-chaka-chaka. Barafu (niliyompa mimi, kwa sababu Baba Damianos alinitazama), maji, mrija. Bibi akavuta mara moja, akaitikia kwa kichwa kidogo, akaweka glasi chini. Kawaida. Vidole viwili.

Kisha mimi. Nikavaa koti jeupe. Si lile la kiwandani, ni la kinyozi, la kuazima. Nikachomeka drili kwenye waya wa kanisa. Ilipounguruma watoto walipiga makofi, na mzee mmoja akavua kofia akidhani ni jambo la ibada. Kahawa nzito juu ya barafu. Nikapiga. Nikalisimamisha povu juu yake taratibu kwa mgongo wa kijiko. Nikainua glasi juani. Nusu nyeusi, nusu nyeupe, mstari kama uliopigwa kwa rula. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Miaka ishirini na sita ya makopo, hakuna aliyewahi kuvuta pumzi.

Bibi Parthena akaonja. Akalamba mdomo wa juu, palipobaki povu. Akalamba tena.

"Dengu," akasema.

Nikamwambia ni siri ya kazi, Bibi.

"Mwanangu, mimi nazijua dengu." Hakupaza sauti. "Mwaka wa njaa, Wajerumani wapo, nilikuwa na miaka kumi na tatu. Mama alikaanga dengu, akazisaga, akatumiminia vikombeni akasema ni kahawa. Sisi watoto wanne tukanywa, tukasema, mama, kahawa nzuri. Tulijua. Tulisema hivyo asije akalia. Vita vilipoisha nikaapa, dengu nitazila kwenye sahani, lakini asinipe mtu tena dengu akaniambia ni kahawa."

Nikaona uwanja mzima unainamisha vichwa. Nilitaka kusema kwamba chini ni kahawa halisi, dengu ni povu tu, nusu kwa kipimo. Anthula akanitikisia kichwa kwamba nisiseme. Nikanyamaza, na ndilo jambo gumu kuliko yote niliyofanya mwezi huu.

Bibi akaishika glasi kwa mikono miwili na akainywa. Yote. Mpaka chini, mpaka povu lililoganda pembeni akalikusanya kwa kidole. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Ya mama haikuwa na povu," akasema.

Akamwita Evlampia akampa ufunguo.

Uwanja ukashangilia. Evlampia alilia, kitu ambacho sijawahi kukiona, hata kwenye harusi yake. Nikachomoa drili. Nikazungusha waya wa kanisa vizuri, kwa sababu waya ukiuacha ovyo unakatika ndani. Nikavua koti. Nilikuwa nimeshafika ukingoni mwa uwanja niliposikia jina langu. Si mume wa Anthula. Jina langu.

Alikuwa Evlampia, na nyuma yake foleni ya vijana wetu waliotoka Ujerumani mpaka kwenye chemchemi.

"Prodromos," akasema, "barafu iko wapi?"

Nikamwambia: nyumba kumi na nne, shemeji. Rafu kumi na nne. Na mimi pekee ndiye ninayejua ipi haina pweza.

Tulifunga jua likizama. Glasi mia tatu na nne. Nilikadiria mia tatu.

Alhamisi, 16 Agosti

Nimetulia. Naangalia mambo kama yalivyo.

Kwanza, ushindi. Kahawa ya Evlampia, Bibi Parthena alivuta mara moja akaiacha. Yangu aliinywa yote na akalia. Hakuna mtu aliyewahi kulia kwa sababu ya frape. Na maneno yake ya mwisho, ukiyapima kwa makini, ni kwamba povu langu limefanya kitu ambacho mama yake mzazi hakuweza. Sijui mtu anataka cheti gani zaidi ya hicho. Ufunguo ni chuma tu.

Pili, kazi. Evlampia alikuja asubuhi kuniomba nishughulikie barafu ya mkahawa. Nikamwambia nikubali kwa cheo gani. Akasema cheo chochote ninachotaka, mradi niwahi. Nimechukua Mkurugenzi wa Ubaridi. Nikamtengenezea pia ubao wa mlangoni, kwa kuwa mkono wake wa kuandika ni kama kuku anayekimbia. EVLAMPIA. Nimeuandika vizuri sana, siwezi kuficha. Rangi ya bluu ilibaki kidogo. Friza mpya ya mkahawa ina mfuniko mpana mweupe. Nimeupima. PRODROMOS inaingia, na nafasi inabaki.

Tatu. Jioni hii Bibi Parthena alimtuma jirani kuuliza kama ile takataka ya dengu ninaitengeneza pia siku za kawaida, na kama naweza kuiacha bila sukari. Nikamtumia glasi, bila sukari. Glasi imerudi tupu.

Kwa hiyo naona mbele kunavyokwenda. Tarehe kumi na nne Septemba ni Sikukuu ya Msalaba. Mfungo mkali, hakuna maziwa, hakuna jibini. Safari hii nimeangalia kalenda, tarehe na siku: Ijumaa. Evlampia atakuwa na chupa yake ya jamu, mimi nitakuwa na kahawa ya dengu tupu, za kukaanga na kusaga, baridi, yenye povu lake yenyewe, bila hata punje ya kahawa. Mwaka wa njaa, lakini wenye barafu. Wazee wote wa Petroneri watalia. Nimeagiza dengu kilo ishirini. Mwenye duka aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Wivu.

Kikwazo ni kimoja. Dengu za kusagwa ni laini mno, chujio la chai halizishiki, kitambaa nacho nimeshakijaribu. Anthula alikuwa anajiandaa kuteremka Veria kununua soksi mpya. Nimemwambia, huku napiga mluzi, anunue jozi mbili.